Majani Yanapopukutika: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuanguka, Kupoteza na Kukumbuka

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu majira ya mapukutiko, yaani kipindi ambacho miti ya nchi za baridi huangusha majani yake, na kuhusu namna kuanguka kwa jani kulivyogeuka kuwa taswira ya kufiwa, ya mabadiliko na ya kumbukumbu. Barua zilizotufikia hazikuwa za udadisi mtupu, kwani nyingi zimeandikwa na watu wenye uchungu. Kwa sababu hiyo baadhi ya majibu ni marefu kuliko ilivyo desturi ya safu hii, na mengine yametosheka na aya moja.

SWALI: Ndugu Mhariri, niko masomoni katika nchi ya baridi, na mwaka huu nimeona kwa mara ya kwanza miti mizima ikigeuka manjano na nyekundu, kisha ikabaki mitupu. Wenzangu husema kwamba baridi na upepo ndivyo vinavyoyaua majani. Je, ni kweli? Na mbona jambo hili lililo la kawaida kwa miti linanitia huzuni kana kwamba nimeshuhudia kifo?

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wameona sehemu tu ya jambo. Upepo hulichukua jani, lakini haulitenganishi na mti. Kazi hiyo huifanya mti wenyewe, tena huianza majuma kadhaa kabla jani halijagusa ardhi. Ishara ambayo miti mingi huifuata ni kufupika kwa mchana, na baridi huongeza kasi tu. Katika nusu ya kaskazini ya dunia mchana na usiku hukaribia kulingana tarehe 22 au 23 Septemba, na baada ya hapo usiku hurefuka kuushinda mchana; katika nusu ya kusini jambo hilohilo hutokea mwezi Machi. Mchana unapofupika, mti huacha kutengeneza upya klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua, na ile iliyokuwapo huvunjwavunjwa. Rangi ya manjano na ya machungwa ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, ila ilifunikwa na kijani. Hiyo ni karotenoidi, jamii ileile ya rangi inayoonekana kwenye karoti. Wekundu una habari yake, kwa sababu anthosianini inayouleta hutengenezwa na miti mingi katika siku zile za mwisho, kutokana na sukari iliyosalia ndani ya jani.

Wakati huohuo mti hulinyonya jani vitu utakavyovihitaji baadaye, hasa naitrojeni na fosforasi, na kuvihifadhi katika matawi, shina na mizizi. Kwa wastani karibu nusu ya virutubisho hivyo huokolewa, na katika baadhi ya miti huokolewa zaidi. Mahali ambapo kikonyo cha jani hukutana na tawi pana ukanda mwembamba wa seli. Homoni ya auksini inayotoka kwenye jani inapopungua, na gesi ya ethilini inapofanya kazi yake, kuta za seli hizo hulegea na kuachana, huku upande wa tawi ukijifunga kwa tabaka gumu linalozuia maji kupotea na vijidudu kuingia. Kuanzia hapo jani hushikiliwa na nyuzi chache tu, na upepo mdogo, tone la mvua au hata uzito wa jani lenyewe hutosha kuliangusha. Miti mingi ya nchi za joto nayo hupukutika, ila ishara yake huwa ni ukame. Mbuyu, kwa mfano, hukaa bila majani kwa miezi mingi ya kiangazi ili kupunguza upotevu wa maji.

Upo ushahidi mmoja ambao ningependa uutazame kwa macho yako mwenyewe. Tafuta tawi lililovunjika katikati ya majira ya joto na kufa likiwa bado linaning'inia mtini. Msimu wa mapukutiko ukifika, matawi yaliyo hai yataachilia majani yake yote, ilhali lile lililokufa litaendelea kuyashikilia yakiwa makavu na ya kahawia, kwa kuwa halikuwa na uhai wa kuyaachilia. Kwa hiyo ulichokishuhudia hakikuwa kifo cha mti. Ilikuwa kazi ya mti ulio hai, na hata sasa ukikaribia tawi tupu utaona kovu dogo mahali jani lilipokuwa, na juu kidogo ya kovu hilo chipukizi lililofungwa, ambalo liliumbwa tangu majira ya joto wakati jani lingali bichi.

Lakini sikwambii hayo ili nikukataze kuhuzunika. Mti unaishi, ila lile jani limekufa kweli, na jicho lako halikukosea lilipoona kwamba kitu kimekwisha. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na katika barua zinazofuata nitalirudia hilo mara kadhaa, kwa sababu watu wengi hulichukua moja na kuliacha jingine.

SWALI: Mhariri mpendwa, mama yangu alifariki dunia miaka kadhaa iliyopita, katika siku ambazo majani yalikuwa yakianguka nje ya dirisha la hospitali. Mwaka mzima ninaishi vizuri, ninafanya kazi na ninacheka. Majani yakianza kuanguka, hasa nikisikia harufu yake baada ya mvua, kifua hunibana na nalia kama siku ile. Ndugu zangu wananiambia kwamba hatua za maombolezo ni tano na ningepaswa kuwa nimekwisha kuzimaliza. Je, mimi ni mgonjwa?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa msiba wako, na pole kwa kulazimika kuutetea mbele ya ndugu zako. Kwa jinsi ulivyoeleza, hauko katika ugonjwa, wala huo si udhaifu.

Kumbukumbu haikai peke yake kichwani. Inapohifadhiwa, huhifadhiwa pamoja na mazingira yake, na mazingira hayo yakirejea huiita. Mwaka 1975 wanasaikolojia Duncan Godden na Alan Baddeley waliwafundisha wapiga mbizi orodha za maneno, nyingine nchi kavu na nyingine chini ya maji, na ikaonekana kwamba maneno waliyojifunza chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi wakiwa chini ya maji, na yale ya nchi kavu wakiwa nchi kavu. Ikiwa orodha ya maneno yasiyo na maana yoyote maishani mwa mtu hushikamana na mahali kiasi hicho, fikiria siku za mwisho za mama yako zimeshikamana kiasi gani na mwanga ule wa jioni ya mapema, na ubaridi ule, na majani yale. Harufu ina nguvu zaidi kwa sababu ya njia inayopita. Taarifa za macho na masikio hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi, lakini za pua hufika moja kwa moja katika maeneo yanayopakana na kushirikiana na amigdala na hipokampasi, sehemu zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana unalia kabla hujajua unalia kwa sababu gani.

Kuhusu hatua tano, ndugu zako wanalirudia jambo wanalolisikia kila mahali. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabiliwa na kifo chao wenyewe. Hakuwa akiwapangia ratiba waliobaki nyuma baada ya kufiwa. Tangu wakati huo uelewa umesogea mbele. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza maombolezo kuwa ni mwendo wa kwenda na kurudi: kuna saa ambazo mfiwa huukabili msiba wenyewe, na kuna saa ambazo hushughulika na maisha yanayoendelea, na afya imo katika kuweza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Miaka mitatu kabla yao, kitabu kilichohaririwa na Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman kilikuwa kimeshapinga wazo la zamani, lililopata nguvu tangu insha ya Sigmund Freud ya mwaka 1917, kwamba kazi ya mfiwa ni kujibandua na marehemu. Walionyesha kwamba watu wengi huendelea kuwa na uhusiano na waliowapoteza, na kwamba uhusiano huo hubadilika bila kukatika. Ukiusoma mwaka wako kwa macho hayo, utaona kwamba unafanya kile kinachotarajiwa: miezi mingi upo upande wa maisha, na majuma machache unarudi kwa mama.

Yapo mambo mawili ambayo ningependa uyachunguze kwa utulivu. La kwanza ni kama huzuni hiyo ina sura ya mama yako au haina sura yoyote. Tangu mwaka 1984, Norman Rosenthal na wenzake walipoieleza, inajulikana kwamba ipo sonona inayofuata majira, ambayo huwaanza watu wengi mchana unapofupika na kuwaachia majira ya machipuko. Mwenye hali hiyo hulala kupita kiasi, hutamani vyakula vya wanga na sukari, huishiwa nguvu, na mara nyingi hana anachokililia hasa. Hutibika, na mojawapo ya tiba zake ni kukaa asubuhi mbele ya taa maalumu yenye mwanga wa laksi 10,000 kwa takribani nusu saa, kwa ushauri wa daktari. La pili ni kama uchungu unaondoka. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ulioanza kutumika rasmi Januari 2022, unatambua maombolezo yaliyorefuka kuwa ni tatizo la kiafya pale ambapo uchungu mkali umedumu kwa zaidi ya miezi sita, umevuka kile ambacho jamii na dini ya mtu hukitarajia, na umemzuia kuendesha maisha yake. Wewe unasema unafanya kazi na unacheka. Lakini ikiwa mwaka wowote uchungu utakataa kuondoka, au utaanza kutamani kufa, usingoje majani yamalizike kuanguka. Nenda kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Naongeza neno moja ambalo hukuliuliza. Huenda umekwisha kuambiwa na mtu mwenye nia njema kwamba jani huanguka ili jingine lichipue. Maneno hayo yanamfariji anayeyasema kuliko anayeambiwa. Chipukizi la mwaka ujao litatoa jani jipya, na halitakuwa lile lililoanguka. Kwa mti hilo si neno, kwa sababu mti hauna jani unalolipenda kuliko mengine. Wewe ulikuwa na mama mmoja. Mtu akikuletea mfano huo, una haki ya kuukataa.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilikuwa na cheo kikubwa kazini, na katika mabadiliko ya uongozi niliondolewa bila kutarajia. Marafiki zangu huniambia kwamba huu ni msimu tu na kwamba baada ya mapukutiko huja machipuko. Mimi sioni msimu wowote, naona nimeanguka. Unasemaje?

JIBU: Nasema marafiki zako wamechukua mfano usiokufaa. Jani la majira ya mapukutiko huanguka baada ya maandalizi ya majuma mengi, likiwa limekwisha kurudisha sehemu kubwa ya kile lilichokuwa nacho, na jeraha lake limekwisha kuzibwa. Wewe hukupewa majuma hayo. Hali yako inafanana zaidi na ya mti uliopigwa na dhoruba katikati ya majira ya joto: majani hung'oka yakiwa mabichi, huondoka na naitrojeni yake yote, na mahali yalipotoka pamebaki wazi. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ile ya msimu, na mtu aliyeipata hapaswi kuombwa atulie kana kwamba ni jambo lililokuwa kwenye kalenda.

Hata hivyo, mti wa namna hiyo una hatua unayoichukua, nayo naiona ina manufaa kwako kuliko ahadi ya machipuko. Miti mingi iliyonyang'anywa majani mapema, kwa dhoruba au kwa wadudu, huweza kuchipua tena ndani ya msimu uleule kwa kutumia akiba iliyowekwa mizizini na shinani. Majani hayo ya pili mara nyingi huwa madogo na machache, na mti huingia majira ya baridi ukiwa na akiba pungufu; ukinyang'anywa tena mwaka unaofuata, unaweza kufa. Kwa hiyo ningekushauri uanze kwa kujua akiba yako: fedha ulizo nazo, afya, ujuzi usiotegemea cheo, na watu waliokuheshimu kabla hujapewa ofisi. Kisha ukubali kwa muda kazi iliyo ndogo kuliko ile ya zamani bila kuihesabu kuwa ni aibu. Na kwa mwaka mmoja au miwili usijitie katika jambo linaloweza kukukausha mara ya pili, kama vile mkopo mkubwa au kesi ndefu yenye matumaini hafifu.

SWALI: Kwa nini jani huyumbayumba linapoanguka, ilhali jiwe hushuka moja kwa moja? Nauliza kwa sababu naamini uzuri wote wa kuanguka kwa jani umo katika kuyumba huko.

JIBU: Naamini hivyo pia. Sababu ni hewa. Mvuto wa dunia huviongezea vitu vyote mwendo kwa kiwango kimoja, takribani mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, na mwaka 1971 mwanaanga David Scott alilionyesha hilo mwezini, mahali pasipo hewa, alipoachia nyundo na unyoya kwa pamoja, vikagusa ardhi pamoja. Hapa duniani jani ni jepesi na lina uso mpana, hivyo hewa hulizuia upesi. Tena hewa inayolipita huzunguka kwenye kingo zake na kulisukuma upande huu na ule. Mwanafizikia James Clerk Maxwell aliandika mwaka 1854 kuhusu mwendo wa kipande cha karatasi kinachobiringika hewani, na suala hilo limeendelea kuchunguzwa mpaka leo, kwa kuwa hesabu zake ni ngumu kuliko jambo lenyewe linavyoonekana. Kwa anayetazama, maana yake ni kwamba jani hukupa nafasi ya kulifuata kwa macho tangu linapoachia mpaka linapotua, nafasi ambayo jiwe halikupi, wala misiba mingi haikupi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana ninayeandika mashairi. Niliandika shairi la kumwomboleza babu, lenye mshororo usemao kwamba moyo wangu umeanguka kama jani la msimu. Mwalimu wangu wa fasihi alisema taswira hiyo imechakaa. Je, nisiandike tena kuhusu kuanguka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako ana haki kuhusu mshororo, lakini asikukatishe tamaa kuhusu kuanguka. Taswira hiyo imekaa katika lugha nyingi kwa sababu imetoka mwilini. Binadamu husimama wima. Mtoto hujifunza kutembea kwa kuanguka, mgonjwa hulala, maiti hulazwa. Hakuna aliyehitaji kuazima kutoka kwa mwingine wazo la kwamba kushuka ni kupoteza.

Ila tazama jinsi jani lilelile linavyofanya kazi tofauti mikononi mwa matini tofauti. Katika kitabu cha sita cha Iliad, utenzi wa Kigiriki unaohusishwa na Homer, shujaa Glaucus anaulizwa nasaba yake na adui yake Diomedes katikati ya uwanja wa vita, naye anajibu kwamba vizazi vya watu ni kama majani: upepo huyamwaga haya chini, na msitu huchipua mengine. Wengi huishia hapo na kudhani kwamba shairi limesema mtu si kitu. Lakini Glaucus haishii hapo. Baada ya kusema kwamba majani huanguka, anaanza kuisimulia nasaba yake kirefu, jina kwa jina, na kutokana na simulizi hiyo wawili hao wanagundua kwamba babu zao walikuwa marafiki waliokaribishana, hivyo wanaacha kupigana. Kwa hiyo hata pale taswira ya jani inaposema kwamba watu hupita, kukumbuka waliopita kunaokoa maisha ya wawili waliopo. Katika Biblia, Isaya 64:6, jani linalonyauka ni watu walioelemewa na maovu yao, na maovu hayo ndiyo upepo unaowachukua. Na katika Kurani, sura ya Al-An'am, aya ya 59, halianguki jani ila Mwenyezi Mungu analijua. Huko kuanguka hakutajwi kwa ajili ya kulia. Kunatajwa ili ionekane kwamba hata kitu kidogo kabisa hakipotei pasipo kuonwa. Jani ni moja, nalo limekuwa maombolezo, toba na ulinzi.

Sasa ingia nyumbani. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ni miongoni mwa maandishi makuu ya Kiswahili kuhusu kupotea kwa fahari, nao hauombolezi kwa jani linalopukutika. Unaomboleza kwa nyumba. Mshairi anatuonyesha kwanza majumba ya Pate, mji wa kale wa Waswahili, yakiwaka taa, yenye watu na vyombo vya thamani, kisha anatuingiza humohumo yakiwa magofu, makinda ya popo yakining'inia juu, na ndege wakilala katika madaka yaliyokuwa ya kupangia sahani. Nguvu ya beti hizo inatokana na daka moja kutazamwa mara mbili. Tunajua lilivyokuwa juu, na tunaona lilipofikia.

Hapo ndipo mshororo wako ulipopungukiwa. Kila kuanguka kuna mahali pa juu palipoachwa, kuna muda wa kushuka, na kuna ardhi iliyopokea. Wewe umeniambia tu kwamba kitu kimeshuka. Sikujua babu alikuwa nani kabla ya kuugua, sikujua alichukua muda gani kuondoka, wala sikujua nyumbani kumebaki na nini. Hata moyo ulioutaja ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Jaribu kuandika juu ya kitu kimoja alichokishika kila siku, na kilipo leo. Ikiwa alikuwa na miwani, niambie nani anaipangusa vumbi sasa, au kama hakuna anayeipangusa. Ikiwa namba yake ya simu ingali katika simu yako, niambie majina yaliyo juu na chini yake, na jinsi kidole chako kinavyopita hapo. Usilitaje jani mpaka liwe limehitajika, na likihitajika liwe jani fulani, la mti fulani, lililoanguka mahali ambapo mtu alilikuta. Na ukishaandika, ondoa ubeti wa mwisho ikiwa unamweleza msomaji ajifunze nini. Mashairi mengi ya maombolezo huharibikia hapo, kwa hofu ya kumwacha msomaji na uchungu wake.

SWALI: Baba yangu ni mzee na ameanza kusahau. Anakumbuka majina ya walimu wake wa utotoni, lakini hakumbuki kama amekula. Mtu mmoja aliniambia kwamba kumbukumbu za wazee huanguka kama majani na hakuna la kufanya. Je, ndivyo ilivyo?

JIBU: Hapana, na kwa sababu mbili. Kwanza, mpangilio wenyewe ni mwingine. Majani ya mti mmoja huanguka yote ndani ya majuma machache, yawe yalichipua mapema au kwa kuchelewa. Kumbukumbu hazifanyi hivyo. Mwanasaikolojia wa Ufaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba ubongo unapodhoofika, mambo ya karibuni ndiyo hutangulia kupotea, na ya zamani hudumu. Sababu mojawapo ni kwamba jambo jipya huitegemea sana hipokampasi, sehemu ambayo katika ugonjwa wa Alzheimer huathirika mapema, ilhali la zamani limekwisha kusambaa na kujizatiti katika maeneo mengine ya ubongo. Tena watu wazima kwa jumla, hata wenye afya, hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya tangu walipokuwa na takribani miaka 10 mpaka 30, wakati ambao mengi ya maisha yao hutokea kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo baba yako anapowataja walimu wake na kusahau chakula cha mchana, hakudharau, wala hachagui la kukumbuka.

Pili, si kweli kwamba hakuna la kufanya. Kabla ya kukubali kwamba ni uzee au shida ya akili isiyotibika, mpeleke apimwe, kwa sababu usahaulifu wa wazee wakati mwingine huletwa na upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni isiyofanya kazi ipasavyo, sonona, au dawa anazotumia kwa ugonjwa mwingine, na hayo yanaweza kurekebishwa. Nenda na orodha ya dawa zake zote, na umweleze daktari tangu lini usahaulifu ulianza na kama ulikuja polepole au ghafla. Ukija ghafla, ndani ya saa au siku chache, ni jambo la dharura.

Nyumbani, usimhoji kwa maswali ya leo. Ukimuuliza kama amekula, unampeleka mahali ambapo hana cha kushika, naye ataona aibu au atakasirika. Muulize kuhusu wale walimu. Muulize nani alikuwa mkali, nani aliimba, njia ya kwenda shuleni ilipita wapi, na umwache aseme hata kama amekwisha kukusimulia jana. Mchezee nyimbo za ujana wake. Mrekodi sauti akizungumza, na uandike majina anayoyataja pamoja na uhusiano wake na kila mmoja, kwa kuwa leo bado yupo wa kukusahihisha. Picha za zamani zenye watu usiowafahamu zianze kuoneshwa wiki hii, moja moja, asubuhi akiwa ameamka vizuri, na nyuma ya kila picha uandike kwa penseli jina atakalolitaja na tarehe uliyoliandika.